Piga Hodi Kabla ya Kuwasha

Nimestaafu, lakini mpaka leo nikienda chooni hapa kwangu Mitaboni nabisha hodi kwanza, na choo ni changu, na ufunguo niko nao mimi. Mke wangu alishachoka kunicheka. Siku hizi ananiambia tu, ingia, Baba Mutheu, hakuna mtu. Hata hivyo nasubiri kidogo kabla ya kusukuma mlango. Nyinyi vijana mnaosomea umeme, mnaotaka kwenda kuendesha mitambo ya upepo kule mlimani juu ya Kalama, kaeni hapo niwaambie tabia hiyo niliitoa wapi.

Mitambo ile mnaiona kutoka barabarani, myeupe, mapanga yanazunguka polepole, na mnasema hiyo ndiyo kazi, si kulima. Kuanzia Septemba ni kazi nzuri kweli. Njooni Julai. Watu wakisikia Ukambani wanafikiria jua na vumbi, lakini mgongo ule wa mlima Julai unashikwa na ukungu tangu alfajiri, na pengine mchana mzima hautoki. Unasimama chini ya mnara na mapanga huyaoni kabisa. Unayasikia tu yakipita juu ya kichwa chako, huu, huu, huu, na unajua kila moja ni refu kuliko kanisa la kwenu, na mbele ya macho yako hakuna kitu ila weupe. Mara ya kwanza niliinama. Nilikuwa mtu mzima, nimeshatengeneza pampu za visima na mota za posho mill Yatta nzima, na bado niliinama.

Kwa hivyo neno langu la kwanza kwenu ni hili: kwenye ukungu pumzisha jicho, tumia sikio. Mapanga matatu yakiwa mazima yanatoa sauti moja. Moja likianza kupiga mluzi, ujue limetobolewa na radi, au limeliwa ncha na mchanga, simamisha mtambo ukaangalie. Tulikuwa na mtambo mmoja ulipiga mluzi wiki nzima, na akina mama waliokuwa wakipita na kuni chini ya mlima wakaacha ile njia. Mtambo huo ndio tulikuwa tukiuita Wa Mwisho, kwa sababu uko peke yake mwisho wa mgongo, karibu na mti wa mumo ambao wazee wetu waliuhesabu kuwa ithembo, mahali pa kutolea sadaka. Wakati wa ujenzi barabara ilizungushwa ili mti usiguswe. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya, lakini siwadanganyi: kwenye mtambo huo sikupenda kubaki wa mwisho kufunga mlango.

Neno la pili ni unyevu. Baridi yenyewe haiui mashine, unyevu ndio unaua. Mtambo ukilala siku kadhaa kwenye ukungu, makabati ya umeme yanatoa jasho ndani. Usiwashe. Washa hita za kabati kwanza, ngoja, fungua, pitisha mkono, ukiona pamekauka ndio uendelee. Hapa lazima nimtaje Kioko, mwenzangu wa zamu, mcheshi asiye na mfano. Kioko aligundua kwamba hita ile inapasha chakula vizuri sana. Akawa anaweka bakuli lake la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ndani ya kabati, kimyakimya, sisi tunashangaa kwa nini mtambo mmoja tu unajizima kila ikikaribia saa ya chakula. Mhandisi wetu Mwikali, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole, ndiye aliyefungua kabati akakuta mvuke na mahindi. Hakugomba. Alichukua kijiko akala lile bakuli lote mbele ya Kioko, akamrudishia likiwa tupu. Kuanzia siku hiyo mtambo haukujizima tena.

Sasa nije kwa mzee Nzioka, maana bila yeye hakuna hadithi.

Nzioka ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi mkubwa wetu, mtu wa Kalama, mfupi, mkali, na alikuwa na kikohozi kilichomkaa tangu ujana wake machimboni. Hakupenda maneno. Ukimuuliza swali la kijinga alikuwa anakutazama mpaka ujibu mwenyewe. Siku yangu ya kwanza alinifungulia mlango wa mnara, na mnara ukavuta pumzi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo: mfuniko wa juu ukiwa wazi na wewe ukafungua mlango wa chini, hewa inapanda kwa nguvu, inakupita mgongoni, hata koti linavutwa. Nikarudi nyuma. Nzioka akaniambia ingia, umeshakaribishwa.

Ndani ya mnara ni giza na ni baridi kuliko nje. Sauti humo ina tabia zake. Mtu akinong'ona chini, wewe uliye juu unamsikia kama amesimama begani kwako. Lakini akikuita kwa nguvu, sauti inagongana na chuma inavunjika, huelewi neno. Redio nazo humo ndani ni bure, zinakoroma tu. Ndiyo sababu Nzioka alituwekea sheria ya hodi. Kila mmoja wetu alikuwa na kufuli lake la kufungia swichi kubwa ili isiwashwe akiwa ndani, hiyo iko kila mahali, na hamtafanya kazi bila hiyo. Lakini Nzioka alisema kufuli linakuambia habari za watu unaowajua tu. Kwa hivyo kufuli zote zikishatoka, kabla ya kuwasha, mmoja anasimama mlangoni na spana, anagonga chuma cha mnara mara tatu, halafu wote mnanyamaza. Aliye ndani lazima ajibu kwa kugonga. Kukiwa kimya, unagonga tena, unanyamaza tena. Ndipo unawasha.

Tulikuwa tunamwambia, mzee, sisi wote tuko hapa nje, tunaonana, nani atajibu? Na yeye alikuwa na jibu lilelile kila siku.

"Nyumba ya mtu huingii bila hodi. Na hii ni nyumba kubwa kuliko ya chifu."

Yeye mwenyewe akiwa juu, jibu lake tulilijua wote. Sisi wengine tulijibu tatu za haraka. Nzioka aligonga mbili, akanyamaza akohoe, halafu akagonga ya tatu. Mbili, pengo, moja. Kioko alikuwa anamwigiza wakati wa chai mpaka chai inatutoka puani. Hata nyumbani kwake Kalama alibisha mlango wake hivyo hivyo, na mkewe akajua ni nani bila kuuliza.

Nzioka alikufa kitandani, kile kifua kilipomshinda. Tulimzika Kalama, nami nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Aliacha mtoto mmoja wa kiume, Muema, kijana aliyekuja nasi mlimani mara nyingi akimletea baba yake chakula, na alijua mitambo ile vizuri. Aliomba kazi kwetu baada ya mazishi, na nafasi haikuwepo. Nilimtetea, Mwikali akamtetea, haikusaidia. Akaacha kuja. Tulisikia anazunguka Matuu na watu wa vyuma chakavu. Nilisikitika, halafu nikaendelea na mambo yangu.

Mwaka uliofuata, Julai, mtambo Wa Mwisho ulikuwa umelala siku kadhaa ukingoja kipuri. Kipuri kikaja, tukakifunga: mimi, Kioko na Mwikali. Asubuhi ya kuwasha ukungu ulikuwa mzito, nadhani ndio mzito kuliko yote niliyowahi kuona, ukinyoosha mkono unapoteza vidole. Tukawasha hita za makabati, na kwa kuwa kukauka kunachukua muda, tukaenda kibandani kunywa chai. Mlango wa mnara tuliurudisha tu, hatukuufunga, kwa sababu kuna mtu gani atakuja mlimani siku kama hiyo?

Tuliporudi nilipitisha mkono kwenye kabati la chini, pamekauka. Kila mtu akatoa kufuli lake. Upepo ulikuwa umeanza, na pale juu, ndani ya ukungu, mapanga yaliyofungwa breki yalikuwa yanalalamika kidogo. Kioko akachukua spana akagonga mara tatu.

Tukanyamaza, kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula cha mchana.

Mnara ukajibu.

Mbili. Pengo. Moja.

Nimekaa nikitafuta namna ya kuwaelezea vile mwili wangu ulivyofanya, na sina. Nywele zilinisimama mpaka kofia ikasogea. Kioko aliweka spana chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akarudi nyuma, akaendelea kurudi nyuma mpaka ukungu ukammeza, nikamsikia tu huko akisema aimu, aimu. Aimu ni roho za waliokufa, kwa wale mliokulia mjini, Syokimau. Mtu aliyekuwa akimwigiza Nzioka kila chai hakuweza kusimama mahali Nzioka anajibu.

Mwikali hakukimbia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mwenzetu yeyote tuliyemsahau. Hapakuwa na mwingine mlima wote. Nikamwambia chuma kikipata joto la hita kinajinyoosha, kinaweza kulia. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Aliniangalia akafikiri.

"Fundi Musembi, ama ni chuma ama ni mtu," akasema. "Kama ni chuma, tumechelewa kidogo tu. Kama ni mtu, nikiwasha nimemchoma."

Na alikuwa amesema kweli tupu. Swichi ile ikipanda, nyaya nene zinazopita kando ya ngazi zinajaa umeme kutoka chini mpaka juu. Aliyezishika haombi hata maji.

Tukarudisha kufuli zetu kwenye swichi, nikavaa mkanda, nikaanza kupanda. Niliogopa, vijana. Niliogopa kama mtoto. Ngazi ilikuwa inateleza kwa unyevu, na taa ya kofia yangu ilikuwa inamulika pumzi yangu mwenyewe. Nikawa nasema Salamu Maria na katikati ya Salamu Maria nikawa namwambia Nzioka, mzee, kama ni wewe, usinishike, niambie tu unataka nini. Kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu za ajabu. Nilijiuliza kama tulimzika na viatu vyake vya kazi.

Nilipopita jukwaa la kwanza nikasikia mtu anapumua.

Nikainua taa. Kwanza niliona miguu, bila mkanda, bila kamba, imejikunja kwenye ngazi. Halafu nikaona mikono miwili imekumbatia zile nyaya, na msumeno umening'inia kwa uzi shingoni. Uso ulikuwa wa kijivu kwa baridi. Ulikuwa uso wa Nzioka, mdogo zaidi. Karibu niachilie ngazi, na kama si mkanda nisingekuwa hapa nikiwachosha na hadithi.

Alikuwa Muema. Alijua mtambo umelala, alijua nyaya hazina umeme, alijua sisi tukinywa chai huwa hatuna haraka. Shaba ilikuwa na wateja wake. Alianza kukata, akasikia tumerudi, akazima taa yake, akajishikilia pale gizani. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, haviwezi kufunguka. Nilimfunga kwenye mkanda wangu wa akiba, nikamfungua kidole kimoja kimoja, nikamshusha huku nikimsemesha kama unavyomsemesha ng'ombe anayezaa. Meno yalikuwa yanagongana tu.

Chini Kioko alikuwa amerudi, na alipoona ni mwizi, hofu yake yote ikageuka hasira, akaokota spana ileile. Mnajua vile tunawafanyia wezi wa nyaya huku kwetu. Mwikali akasimama katikati, akamwambia Kioko ampe huyo mtu chai kwanza, halafu yeye mwenyewe atawapigia polisi simu, na mambo mengine yatafuata sheria. Kioko alitulia alipomtambua. Akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa akalia. Ndiye aliyemshikilia Muema kikombe mdomoni.

Halafu Mwikali mwenyewe akavaa mkanda akapanda mnara wote mpaka chumba cha juu, kukagua nyaya zilikatwa wapi na kuona kama mwizi alikuwa na mwenzake. Hakukuwa na mtu. Mfuniko wa juu ulikuwa umefungwa kwa kufuli letu, vile tulivyouacha.

Muema alifungwa. Sitawapamba hadithi. Hakimu alimpa kifungo chake akakitumikia, nami nilimtembelea, tukazungumza habari za mama yake na za mvua. Kibandani jambo lile liligeuka kichekesho. Kioko alisema Ukambani hakuna mwizi aliyelelewa vizuri kama Muema, maana hata akiwa anaiba, akibishiwa hodi anaitikia. Tulicheka sana. Kila mtu alijua maana ya kule kugonga: kijana amekulia kwenye nyumba inayobishwa hivyo, hodi ikamkuta, mkono ukajibu kabla ya akili. Malezi ya nyumbani kwao ndiyo yaliyomwokoa, tukasema. Mimi mwenyewe nilihubiri hivyo kwa kila fundi mpya, na nililala vizuri.

Mwaka huu, baada ya mimi kustaafu, Muema alikuja hapa nyumbani. Ana miembe yake sasa huko Matuu, ameoa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume ameitwa Nzioka, kama ilivyo desturi yetu. Aliniletea gunia la maembe. Tulikaa, tukala, mke wangu akaenda kuchota maji, nami nikamtania. Nikamwambia, Muema, ile siku adabu yako ilikuokoa, ungenyamaza kama wezi wengine ungekuwa mkaa.

Hakucheka. Aliweka embe chini akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Fundi, mimi sikugonga," akasema.

Nikamwambia aache mchezo.

"Ningegongaje? Mikono yote ilikuwa kwenye nyaya, na vidole ulinifungua wewe mwenyewe. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Niliziba hata pumzi. Nilisema afadhali waende zao, nitashuka jioni."

Nikamuuliza kama hakujua kwamba tungewasha. Akasema alijua tukiwasha atakufa, na hodi aliisikia, lakini hofu ya kukamatwa ilimshinda. Alikuwa anangoja, na hakujua anangoja nini.

Nikamuuliza, basi kule kugonga kulitoka wapi?

"Juu yangu," akasema. "Karibu sana. Nilifikiri mmoja wenu alikuwa amenitangulia, ananitazama."

Nikakumbuka vidole vile, vigumu na baridi, nilivyovifungua kimoja kimoja. Nikakumbuka mfuniko uliofungwa. Nilitaka kusema habari za chuma kujinyoosha kwa joto, kwa sababu chuma hujinyoosha kweli, nimewaambia hivyo na bado nawaambia. Lakini kijana alikuwa hajamaliza.

"Nyinyi chini mlisikia mbili, halafu moja, sivyo?"

Nikasema ndivyo, mbili, pengo, halafu moja.

"Mimi nilikuwa karibu," akasema. "Kwangu hapakuwa na pengo. Nilisikia akikohoa."

Mke wangu alirudi na maji akatukuta tumeacha kula, akauliza kama maembe yalikuwa mabaya. Sikumwambia, na Kioko pia sijamwambia. Nimewaambia nyinyi kwa sababu nyinyi ndio mtakuwa mlangoni na spana mkononi, ukungu umefunga, na mtu wa Nairobi anawauliza kwenye simu kwa nini hamjawasha.

Gongeni mara tatu. Halafu nyamazeni vya kutosha, mpeni mzee nafasi ya kukohoa.